Mtani Aliyesema Hayupo

Barua ya kifo chake ilitufikia Bombambili, hapa Songea, wakati huko kwao Iringa walikuwa wamekwisha anua tanga. Ilikuwa na jina lake lote, majina matatu, na niliposoma sikujua ni nani aliyekufa. Nilisoma mara mbili, kisha nikampelekea jirani yangu, Katekista wa kigango chetu, ambaye anajua majina ya watu kwa sababu ya daftari lake la waumini. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mama Tumaini," akasema, "huyu ni Mtani."

Ndivyo tulivyomwita wote. Yeye alikuwa Mhehe na sisi Wangoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Kwetu mtu akifa, watani wake wana kazi. Wanachimba kaburi, halafu wanagoma kutoka humo mpaka wapewe jogoo. Wanatia chumvi kwenye mboga mpaka hailiki. Na mmoja wao anavaa nguo za marehemu na kumwigiza: anatembea kama yeye, anagomba kama yeye, anadai chai kama yeye, mpaka wafiwa wacheke hata wasipotaka. Kazi hiyo ya mwisho, kwa mitaa yetu yote, alikuwa akiifanya yeye.

Naye alipokufa, ilitupasa sisi twende tumwigize. Hatukwenda, maana barua ilichelewa. Wengine hawana la kujilaumu, lakini mimi nilikuwa nimemwahidi. Ndiyo maana nimechukua daftari. Sina kipaji cha kuigiza, na shule yangu iliishia darasa la saba. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona.

Songea alikuja na kazi ya kupima mahindi kwenye ghala la ushirika. Miaka ile wanunuzi binafsi walianza kuyafuata mahindi wenyewe mpaka Namtumbo kwa malori yao, ghala likabaki na panya, wafanyakazi wakapunguzwa. Naye akapunguzwa. "Wanasema wamenipunguza," alikuwa akisema huku akijipapasa kiuno, "lakini kila nikijiangalia sioni walipochukua."

Akaanza kuuza mitumba kwenye genge pale Mfaranyaki. Enzi hizo nguo zile bado tuliziita kafa Ulaya, na yeye jina hilo alilichukulia kwa uzito wote. Hakuwahi kumuuzia mtu nguo kabla ya kumtambulisha marehemu wake.

Nilikuwepo siku mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, alipojaribu koti la kahawia. Mtani alimvua, akalivaa mwenyewe. Pale pale bega lake moja likashuka, mikono ikazama mifukoni, macho yakawa yanaibia nyuma.

"Alikuwa mwoga huyu," akasema. "Ona mifuko ilivyolegea, mikono haikutoka humu. Na bega hili, alikuwa anabeba mfuko mzito upande mmoja. Mkewe alikuwa mkali."

"Mzee, mimi nataka koti," mwalimu akasema. "Mtu sitaki."

"Koti bila mtu sina. Chukua, lakini ukianza kumwogopa mkeo usinirudishie."

Mwalimu alicheka, akanunua. Wiki ya pili alipita pale gengeni, mikono mifukoni, akasimama mbali kidogo. "Mtani," akasema, "hivi mimi zamani nilikuwa naweka wapi mikono?"

Mtani alitugeukia sisi tuliokuwa tunachambua nguo, akainua nyusi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa hii: kwamba ndani ya mtu hamna mtu. Alisema kuna mwendo, kuna kikohozi, kuna namna ya kukasirika na namna ya kushika kijiko, na vitu hivyo vikikaa pamoja muda mrefu tunavizoea na kuvipa jina. Alisema amewaigiza watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na kila alipoingia ndani ya mmoja wao alikuta mazoea tu, mwenyewe hayupo.

Mimi nilimjua vizuri kwenye msiba wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Penseli yake ilikaa sikioni, na kila siku ya Mungu aliitafuta. Aliinua mbao, alikung'uta mikeka, aliwatuhumu watoto, na penseli iko sikioni. Siku ya pili ya msiba nilikuwa nimekaa chini kati ya wanawake, macho yamevimba, sisikii wala sioni. Mtani akaingia. Alikuwa amevaa koti la kazi la mume wangu lenye gundi kwenye mikono, na viatu vyake, na akapita navyo juu ya mkeka. Akainua ukingo wa mkeka, akachungulia chini. Akamwinua shangazi mzima mzima, akatazama alipokuwa amekaa.

"Mama Tumaini! Penseli yangu umeiweka wapi?"

Nami, sijui nilikuwa wapi, nikasema kwa hasira: "Iko sikioni kwako! Nikwambie mara ngapi? Na toa viatu kwenye mkeka!"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Shangazi aliyeinuliwa alicheka mpaka akakaa tena bila kutazama anakaa wapi, akamkalia mwenzake. Kisha mimi nikasikia nilichokisema, nikalia, na wote wakalia, na kilio kile kilikuwa chepesi kuliko cha jana yake. Tangu hapo sijamwona mtu mwingine mwenye dawa kama ile.

Katekista hakufurahi. Alimfuata uani, mimi nikiwa nyuma yao kwenye pipa la maji. Niseme hapa kwamba misibani kazi yangu ni maji na vikombe. Sijui kuongoza nyimbo, sijui kusimulia, basi nawapa watu maji. Wala kwenye msiba wangu mwenyewe sikuweza kukaa bila kazi hiyo.

"Mtani, unamchezea marehemu," Katekista akasema. "Mtu ni roho. Fundi yuko kwa Mungu sasa hivi."

"Anatafuta penseli huko?"

"Roho haina haja ya penseli!"

"Basi huyo uliyenaye wewe si fundi wetu. Fundi asiyetafuta penseli mimi simjui. Wewe umemzika mmoja, unamwombea mwingine."

"Mama Tumaini, unasikia maneno haya?"

Nikasema nasikia, nikawapa maji wote wawili.

Mabishano yao yalihama kutoka msiba hadi msiba, na watu waliyasubiri kama mechi. Kwenye msiba wa mzee mwenye mashine ya kusaga, ambaye sisi tulimwita Mzee wa Mashine, Mtani alileta mfano wa kazi yake ya zamani.

"Nimepima magunia maisha yangu yote. Gunia likiwa na mahindi linasimama, tunasema gunia lile. Mwaga mahindi. Linalala chini. Sasa mtu naye, mwaga mazoea yake, nionyeshe kinachobaki kimesimama."

"Kinabaki gunia!" Katekista akasema. "Limelala, lakini lipo!"

Watu wakapiga makofi. Siku mbili Mtani hakuonekana gengeni. Siku ya tatu asubuhi alimkuta Katekista anapalilia mahindi nyuma ya nyumba, akasimama nje ya ua bila hata salamu.

"Gunia ni nyuzi," akasema.

"Na nyuzi?"

"Nyuzi ni mkonge. Mkonge ni wa Tanga. Kawaulize wao."

Katekista naye hakukosa ya kwake. Alimuuliza mbele za watu: "Usiku ukilala fofofo, hukohoi, hutembei, hukasiriki, nani anabaki kitandani kwako?"

"Hakuna."

"Na asubuhi nani anaamka?"

"Ndiyo maana tunaulizana, umeamkaje? Kila mtu anataka kuhakikisha kama aliyeamka ni yule yule."

Nchi ilipoingia vyama vingi na watu wakawa na wasiwasi kwamba tutagawanyika, yeye aliwashangaa. "Mbona mimi nina vyama vingi tangu zamani?" alisema. "Asubuhi kuna chama kinachotaka kwenda kazini na chama kinachotaka kulala, na hatujawahi kupigana ngumi. Kinachotaka kulala kinashinda kwa kura."

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikiuficha nitakuwa nimemwigiza nusu. Mtu huyu aliyesema hayupo alikuwa na wivu mkubwa na vitu vyake. Gengeni alikuwa na kigoda, na ole wako ukikikalia. Fundi cherehani jirani yake alipopata kofia ya sufu kama ya kwake, ya kijani, wateja wakawa wanamsalimia fundi wakidhani ni yeye, na Mtani alinuna wiki nzima. Alimwambia fundi avue.

Katekista alikuwa anapita. Alisimama kwa raha zote. "Mtani, si ulisema ndani hamna mtu? Sasa nani huyo amekasirika?"

"Hakuna aliyekasirika. Kuna hasira tu, inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

"Inakuja kwako, ukiendelea kusimama hapo."

Na alikuwa na mwiko mmoja. Hakumwigiza mtu aliye hai, na tanga likishaanuliwa hakumwigiza tena aliyekufa. Hilo nilikutana nalo mimi mwenyewe. Arobaini ya mume wangu ilikwisha, watu wakarudi kwao, nyumba ikawa na ukimya ambao sikuujua. Siku moja nilikwenda Mfaranyaki, nikasimama mbele ya rundo lake la mashati, nikajifanya natafuta shati la mtoto.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, mateka wangu."

"Nani mateka, wewe ambaye babu yako alikimbia akaacha ngao?"

"Aliiacha ili muwe na sinia la kulia ugali. Unatafuta nini? Shati hilo ni la mtu mnene."

Nikamwambia ukweli. Nikasema nataka amfanye mume wangu mara moja tu, hata hapo hapo, hata aulize penseli tu, basi.

Aliacha kukunja nguo. Hakucheka. "Siwezi, mtani wangu. Siku zile mlikuwa wengi, mnajua wote kuwa ameondoka, tunamsindikiza. Leo uko peke yako. Nikimfanya leo nitakuwa nakudanganya." Kisha akasema: "Nenda nyumbani, usikilize unavyofunga mlango."

Nilirudi nimemkasirikia. Mlango wetu wa mbele unavimba wakati wa mvua, na mume wangu alikuwa akiufunga kwa kuupiga teke chini, pembeni, jambo ambalo nilimsema kwa miaka yote ya ndoa yetu. Niliingia, nikaufunga, nikajisikia. Teke. Chini, pembeni. Sikujua nimeanza lini. Nilikaa pale pale mlangoni nikacheka peke yangu, na Tumaini akaja kuuliza mama umepatwa na nini.

Kilichomharibu Mtani kilitokea kwenye sherehe, tena sherehe ya komunyo ya kwanza kwa mjukuu wa Katekista. Tulikuwa tumeshakula nusu, watu wamechangamka, fundi cherehani akasimama na kusema: "Leo hakuna msiba, basi leo tumwigize Mtani mwenyewe, tuone atasema nini!"

Tukashangilia. Mtani akasogeza sahani ya pilau, akakaa vizuri ajione.

Fundi akavaa kofia ile ya kijani, akatembea, akashika mgongo, akakohoa kikohozi kirefu cha unga. Tukacheka, kisha mmoja akasema, "Ee, huyo ni Mzee wa Mashine." Na kweli alikuwa yeye. Mjane wa Mzee wa Mashine alishika kitambaa chake akafuta macho. Fundi akasema ngoja, akajaribu tena, akainama na kuangaza huku na huku chini ya viti. Moyo ukanipasuka, maana huyo alikuwa mume wangu. Akasimama mama mmoja, akasema nyie wanaume hamjui, mimi naweza. Akakunja midomo, akapepeta kwa mikono. Alikuwa Bibi Karanga, tuliyemzika mwaka uliopita. Kila aliyejaribu alituletea marehemu ambaye Mtani aliwahi kumwigiza. Ukumbi ukajaa watu waliokufa, na Mtani hakutokea hata mara moja.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa yeye. "Si niliwaambia?" akasema. "Hakuna mtu!" Katekista mwenyewe alikubali kushindwa, akampa mkono. Lakini mimi nilikuwa nakusanya vyombo, na niliona sahani yake. Pilau ilikuwa nusu, na nyama haijaguswa. Mtani hakuwa mtu wa kuacha nyama.

Baada ya hapo alipungua kweli, na safari hii ilionekana walipochukua. Miguu ilivimba, mashavu yaliingia ndani. Genge alimwachia fundi cherehani, pamoja na kigoda.

Mara ya mwisho alikuja kwangu mchana, jua limetulia baada ya mvua, na fimbo mkononi na ndala miguuni kwa sababu viatu vilikuwa haviingii tena.

"Kamwene, mateka!" akaita kwa Kihehe toka nje.

"Karibu, mkimbizi. Shikamoo."

Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akaangalia mlango ninavyoufunga kwa teke, akatabasamu kidogo.

"Wapwa zangu wanakuja Jumamosi kunichukua," akasema. "Nakwenda kufia kwetu. Usinitazame hivyo, kila mtu lazima afie mahali. Nimekuja kukuuliza jambo. Sikwenda kwa Katekista kwa sababu yule atanifariji. Wewe hujui kudanganya."

"Uliza."

"Mimi nikoje?"

Sikuelewa. Akaeleza huku akizungusha fimbo.

"Siku ile ya komunyo nilikaa nikasema, leo nitajiona. Wakanifanya wote, na hakuna aliyenipata. Miaka yote nimesema ndani hamna mtu, mkicheka. Kulisema mbele za watu ni raha. Lakini nililiona kweli, Mama Tumaini, pale kwenye pilau. Niliogopa. Nikifa, wewe Mngoni ndiye mtani wangu. Utasimama pale kwetu ufanye nini? Nionyeshe sasa, nikiwa naona."

"Mtani, mimi sijui kuigiza. Unajua."

"Nionyeshe vibaya."

Nilifikiri. Sikufikiri sana, kusema kweli, kwa sababu kitu kilikuwepo, ila sikujua kama ni kitu. Niliinuka nikaenda kwenye mtungi, nikachota maji kwa vikombe viwili vya bati. Kimoja nikakiweka mezani. Kingine nikakishika kwa mikono miwili, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, nikakisogeza mdomoni. Nikapuliza. Fuu, fuu, halafu ndefu, fuuu, kama mtu mwenye uji wa moto. Nikanywa kidogo. Nikapuliza tena.

Alinikodolea macho. "Huyo nani?"

"Wewe."

"Mimi napuliza maji ya mtungini?"

"Siku zote. Ukimaliza kuwaigiza watu unakuja nyuma kwangu, nakupa maji, unayapuliza. Tangu msiba wa kwanza niliokupa maji. Sijakuona ukinywa bila kupuliza hata mara moja."

"Uongo huo."

"Umesema sijui kudanganya."

"Basi huyo ni marehemu fulani. Nimemwokota mahali. Mzee wa Mashine."

"Mzee wa Mashine alikuwa anayagugumia maji kama ng'ombe."

"Bibi Karanga."

"Bibi Karanga alikunywa chai ikitokota. Mtani, nimewapa maji wote. Hakuna mwingine anayepuliza."

"Lete kikombe hicho," akasema kwa ukali. "Nikuonyeshe mtu anavyokunywa maji."

Akakitwaa mezani. Akakikamata kwa mikono miwili. Akakileta mdomoni.

Fuu. Fuu. Fuuu.

Akaganda. Maji yalikuwa bado yanatikisika ndani ya kikombe, naye anayatazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikaanguka, mpaka nikamshikilia kikombe yasimwagike yote. Alipotulia alijifuta macho kwa kiganja.

"Kumbe yupo," akasema taratibu. "Mjinga mmoja anayepuliza maji."

Akachukua kikombe chake, akapuliza, safari hii akijisikia, akanywa mpaka mwisho. Akaomba kingine.

"Utakuja?" akaniuliza.

"Nitakuja."

Nilimtoa mpaka barabarani. Alitembea hatua chache na ndala zake, akasimama, akageuka akanionyesha kidole.

"Usimwambie Katekista."

Sijamwambia. Kuandika hakunikataza.